Moyo Nao Hupumzika: Funzo Nililopata Hekaluni

WAHENGA walisema mganga hajigangi. Juma hili naomba uniruhusu nianze somo letu kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana yamkini ni kosa lako pia.

Nina kliniki ndogo hapa mtaani Umoja. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifungua mlango saa moja asubuhi na kuufunga saa tatu usiku, siku sita kwa juma. Chakula cha mchana nilikila nikiwa nimesimama, aghalabu chipsi zilizomwagiwa chumvi, au chapati mbili na soda. Kichwa kikinigonga jioni, nilimeza vidonge viwili vya maumivu nikaendelea na kazi. Mgonjwa akija na shinikizo la damu, nilimpa mawaidha marefu juu ya chumvi, mazoezi na usingizi. Mimi mwenyewe sikuwa nimejipima kwa miaka minne. Mashine ilikuwa juu ya meza yangu, karibu kiasi cha kuigusa kwa kiwiko.

Miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwemo dereva wa matatu ya njia ya Jogoo Road. Umri wetu ulilingana. Nilimpima nikamkuta na 170/110, nikamwandikia dawa, kisha nikamwambia maneno ambayo sisi madaktari huyatoa kama chenji: "Ndugu yangu, punguza mawazo."

Alicheka. "Daktari, mimi natoka nyumbani saa kumi alfajiri. Mwenye gari anataka hesabu yake, mwenye nyumba anataka kodi yake, shule inataka karo. Hayo mawazo nikiyapunguza, nimpelekee nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwandikia tarehe ya kurudi, nikamwita mgonjwa aliyefuata. Dereva alimeza vidonge miezi miwili, akajisikia vizuri, akaacha. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai mwaka 2022, akiwa kwenye steji, mkono wake wa kulia ulilegea na maneno yakamkwama kinywani. Kilikuwa kiharusi. Yu hai hadi leo, lakini hajashika usukani tena. Mkewe anauza mboga kuwalisha watoto watatu.

Namtaja kwa sababu mwezi mmoja baadaye nilimkumbuka mahali ambapo sikutarajia kabisa.

Ndani ya ua wa Upanga

Agosti ya mwaka huo nilisafiri kwenda Dar es Salaam kwa harusi ya mpwa wangu, binti wa dada yangu. Nilipanda basi, tukapita Namanga na Arusha, nikafika nikiwa nimechoka na simu ikiita bila kukoma. Siku ya pili asubuhi shemeji yangu, akiona nimekunja uso huku nyumba nzima ikishangilia, aliniambia, "Shemeji, twende nikuonyeshe mahali penye kimya." Akanipeleka kwenye hekalu la Kibudha lililoko Upanga.

Wengi wetu hatujui kwamba jirani zetu wana hekalu hilo. Lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi ambayo tangu mwaka 1972 inaitwa Sri Lanka, waliokuja Tanganyika kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Linahesabiwa miongoni mwa mahekalu ya kale ya Kibudha barani Afrika. Wala si la pekee katika Afrika Mashariki. Kule Uganda, huko Garuga karibu na Entebbe, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Buddharakkhita, ambaye ni mzaliwa wa Uganda.

Tulivua viatu mlangoni, kama mtu aingiavyo msikitini. Uani palikuwa na mti wa Bodhi. Mti huo ni wa jamii ya mikuyu, yaani ni ndugu wa mugumo, ule mti ambao wazee wa Agikuyu waliuheshimu na kuomba chini yake. Jani lake lina umbo la moyo, na ncha yake hurefuka kama mkia. Niliokota moja nikalitia mfukoni, nadhani kwa tabia ya kazi yangu tu.

Mtawa aliyevaa joho la rangi ya zafarani alitukaribisha. Nilimsalimu kwa kumwita "Bhante", kama shemeji alivyonifundisha. Aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia. Hakunihubiria. Alinionyesha mkeka, akaniambia niketi, nifumbe macho, nihesabu pumzi zangu kutoka moja hadi kumi, kisha nianze tena. Nikipotea njiani, nirudi kwenye moja bila kujikasirikia.

Msomaji wangu, mimi nimefanya mitihani migumu ya udaktari nikaipita. Lakini asubuhi ile sikufika kumi hata mara moja. Nilifika tatu, nikakumbuka kodi ya kliniki. Nilifika tano, nikakumbuka dawa ambazo sikuwa nimeagiza. Halafu mawazo yalipopoa kidogo, nikasikia kitu kingine masikioni mwangu: mapigo ya moyo wangu mwenyewe, yakidunda kama ngoma ya mbali. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye kifundo cha mkono wa pili. Nilihesabu mapigo 98 kwa dakika, ya mtu aliyeketi kitako, asiyefanya lolote, mahali penye kivuli.

Jioni ile nilimwomba jirani wa shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, aje na mashine yake. Alisoma 172/108. Nikamwomba arudie. 170/106. Nilikaa kimya, nikamkumbuka yule dereva. Mwili wangu ulikuwa umefika pale pale alipokuwa yeye siku aliponiuliza mawazo yake ampelekee nani. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: kamba yangu ilikuwa bado haijakatika.

Nambari ya chini ina maana gani?

Ukipimwa shinikizo la damu unaandikiwa nambari mbili. Ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa wakati moyo unapojikaza kusukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki mishipani wakati moyo umelegea na unajaza damu upya. Ikiwa kipimo kinarudi 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, tunasema mtu ana shinikizo la juu. Si lazima nambari zote mbili zipande. Hata moja ikivuka mpaka ni neno.

Watu hudhani kwamba moyo haupumziki mpaka siku ya kufa. Si kweli. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja. Kila pigo huchukua muda usiofika sekunde moja. Katika muda huo mfupi, moyo hujikaza kwa kiasi cha theluthi moja. Theluthi mbili zilizobaki, umelegea.

Na hapa ndipo penye ajabu. Upande wa kushoto wa moyo, ule unaosukuma damu mwili mzima, hupata sehemu kubwa ya damu yake wenyewe wakati umelegea. Sababu ni kwamba unapojikaza huibana mishipa yake unaoulisha. Kwa lugha nyepesi, moyo hula wakati wa kupumzika. Mapigo yakienda mbio, muda unaopunguzwa zaidi ni huo wa kupumzika. Moyo unafanya kazi zaidi na kula kidogo. Mfanyakazi wa namna hiyo unajua mwisho wake.

Mwili wote umejengwa juu ya mizani kama hiyo. Joto lake hukaa karibu na nyuzi 37, iwe ni Julai yenye baridi au Februari yenye jua kali. Figo huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu zote, zikatoa lita moja na nusu hivi kuwa mkojo. Mishipa ya fahamu nayo ina pande mbili, mmoja kama mafuta ya gari, wa pili kama breki. Mbwa akikukimbiza, upande wa kwanza humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio, mishipa hujikaza, na unaruka ua. Mbwa akiondoka, upande wa pili hushika breki na mambo hutulia.

Taabu ya maisha yetu ya Eastlands ni kwamba mbwa haondoki. Kuna honi alfajiri, hesabu mchana, karo jioni na simu usiku. Mguu unakaa juu ya mafuta saa zote.

Lakini tusidanganyane. Mfadhaiko peke yake si chanzo cha kila shinikizo la juu. Kuna chumvi nyingi, unene, pombe, kukaa kitako siku nzima, umri, na urithi wa kutoka kwa baba na mama. Mfadhaiko huongeza mzigo, tena hutusukuma kwenye hayo mengine: mtu aliyechoka hula ovyo, hunywa zaidi, hulala kidogo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Ugonjwa huu aghalabu hauumi. Ndiyo maana hutupata tukiwa kwenye steji.

Njia ya kati si nusunusu

Kabla sijaondoka Dar es Salaam nilirudi hekaluni, nikamwomba yule mtawa anieleze wanafundisha nini juu ya kuishi kwa mizani. Alinisimulia habari za Siddhartha Gautama, ambazo naziandika hapa kwa ufupi.

Kwa mujibu wa mapokeo yao, Gautama alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo ni nchi ya Nepal, katika nyumba ya kitawala. Alikulia katika raha, hakukosa kitu. Akiwa na umri wa miaka 29 aliiacha nyumba hiyo akatafute jibu la mateso ya wanadamu. Kwa miaka sita alijinyima mno, akala kidogo sana hata akabaki mifupa. Hakupata jibu huko pia. Mwishowe alipokea wali uliopikwa kwa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akapata nguvu, akaketi chini ya mti huko Bodh Gaya, India, na hapo ndipo Wabudha wanasema aliamka na kuona ukweli. Baadaye, huko Sarnath, aliwaambia wenzake watano kwamba zipo njia mbili za kuepuka: kujitumbukiza katika anasa, na kujitesa. Kati ya hizo ipo njia ya kati.

Husimuliwa pia kwamba mwanafunzi wake mmoja, jina lake Sona, alikuwa akijitahidi hata nyayo zake zikatoka damu. Buddha alijua kwamba zamani Sona alikuwa mpigaji wa zeze. Akamuuliza: uzi wa zeze ukilegea sana, unalia vizuri? La. Ukikazwa sana je? La. Basi na juhudi ni vivyo hivyo.

Nilipoisikia habari hiyo nilicheka, kwa maana bibi yangu, ambaye hakupata kusikia neno Buddha, alikuwa na usemi wake: ngoma ikilia sana hupasuka.

Hapa nataka tuelewane vyema, kwa maana neno mizani hutumiwa vibaya. Njia ya kati haina maana ya kuchukua nusu ya kila kitu. Sigara nusu pakiti si njia ya kati, kwa kuwa hakuna kipimo cha sigara kisichodhuru. Kumeza dawa ya shinikizo siku moja na kuacha siku ya pili si njia ya kati, ni kucheza kamari. Kuketi juma zima halafu kukimbia mbio za kufa mtu Jumamosi katika uwanja wa Camp Toyoyo hakuleti mizani, kunaleta mshtuko. Mizani ni kuuliza: mwili huu, kwa kazi hii, unahitaji kiasi gani ili uendelee kulia vizuri? Kisha kutoa kiasi hicho kila siku.

Je, kukaa kimya kunasaidia kweli?

Swali hili madaktari wamelichunguza. Mwaka 1975 Herbert Benson, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliandika kwamba mtu akiketi kimya na kurudiarudia neno moja au pumzi, mwili huingia katika hali iliyo kinyume cha ile ya kukimbizwa na mbwa: mapigo hupungua, pumzi huwa ndefu, misuli hulegea. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya utulivu kwa wagonjwa waliochoshwa na maumivu na mfadhaiko. Alichukua mazoezi ya Kibudha, akayafundisha hospitalini bila kumtaka mtu abadili dini.

Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilipima ushahidi uliokuwepo. Kilisema kwamba kutafakari kunaweza kusaidia kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, lakini kuwe nyongeza juu ya tiba, si badala yake. Hilo ndilo neno langu pia. Ukisikia mtu anakuambia utupe vidonge uhesabu pumzi, mkimbie. Niliporudi Nairobi sikujitibu mwenyewe. Nilikwenda kwa daktari mwenzangu, akanipima mkojo, figo, sukari na umeme wa moyo, akanianzishia dawa. Ninaimeza kila asubuhi mpaka leo. Kukaa kimya hakukuniponya. Kulinifungua masikio nikasikia kwamba naumwa.

Wengine watauliza kama mambo haya hayapingani na imani yao. Mimi ni Mkristo, na kanisani kwetu tunafundishwa siku ya mapumziko, ingawa sisi wenyewe ndio wa kwanza kuivunja. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kugawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Mwenye rozari au tasbihi tayari anajua kuhesabu kwa utulivu. Kila mtu na achote katika kisima chake.

Mambo ya kufanya kuanzia juma hili

Najua utasema haya ni ya watu wenye nafasi. Nimeyachagua yale ambayo mtu wa Kayole, Dandora au Makongeni anaweza kuyafanya bila kununua kitu.

1. Pimwa. Ikiwa una miaka 18 au zaidi na hukumbuki kipimo chako cha mwisho, nenda. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za shinikizo mwaka 2023. Muulize wa mtaa wenu.

2. Pimwa kwa utulivu. Keti dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Kipimo kirudiwe mara mbili. Ukivishwa kitambaa cha mashine ukihema kutoka ngazini, nambari itakayoandikwa ni ya ngazi.

3. Dakika kumi za kimya. Amka kabla ya watoto, au keti ndani ya gari kabla ya abiria kupanda. Hesabu pumzi moja hadi kumi. Vuta pole, toa pole zaidi. Ukipotea, rudi kwenye moja. Utapotea mara nyingi. Kurudi ndiko zoezi lenyewe.

4. Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ukijumlisha na ile iliyomo katika mkate, chipsi, soseji na vibonge vya mchuzi. Anza kwa kuondoa kikebe cha chumvi mezani. Sukuma wiki, maharagwe, ndizi na viazi vitamu ni rafiki za moyo, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

5. Tembea. Dakika 150 kwa juma, kwa mwendo wa kukufanya uhisi joto lakini uweze kuzungumza. Ukishuka matatu steji mbili kabla ya kwako na kumalizia kwa miguu, mara tano kwa juma, umefika.

6. Lala. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Simu ilale chumba kingine, au angalau mbali na mkono.

7. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Ikikuvimbisha miguu au kukupa kizunguzungu, rudi ubadilishiwe.

Tahadhari: uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakichanganyika, huo huenda ni kiharusi. Usimlaze mtu asubiri kupata nafuu, usimpe dawa kwa kubahatisha, wala chakula au kinywaji. Mkimbize hospitali kubwa, na ukumbuke saa ambayo dalili zilianza, kwa maana madaktari watakuuliza. Kila dakika ina thamani.

Kiti kilicho nje ya mlango

Yako mambo mawili niliyoyabadilisha kazini. Kwanza, kliniki sasa inafungwa saa kumi na moja jioni, na Jumamosi saa saba mchana. Sitakuficha: mapato yalipungua, na miezi ya kwanza mimi na mke wangu tulihesabu shilingi kwa uchungu. Mizani ina gharama, na anayekuambia ni ya bure hajawahi kulipa kodi. Lakini niliupiga hesabu mwaka mmoja wa kiharusi, mwanamume asiyefanya kazi na mke anayemwogesha, nikaona ni gharama ndogo.

Pili, nimeweka kiti nje ya chumba changu. Kila anayekuja kupimwa shinikizo huketi hapo dakika tano, simu imezimwa, bila kuzungumza. Ni kanuni ya kitabuni ambayo nilijifunza chuoni na kuipuuza miaka yote. Nimegundua kwamba kwa wagonjwa wengi hizo ndizo dakika tano pekee za kimya katika siku yao nzima. Baadhi yao huomba waongezewe.

Yule dereva huja kila mwezi, akishikwa mkono na binti yake. Maneno yake yamerudi kwa kiasi, ingawa pole pole. Juzi aliketi kwenye kiti hicho, akafumba macho, nikaona kidole cha mkono wake mzima kikihesabu juu ya paja. Alipoingia nilimwambia kwamba swali lake la zamani bado sijalijibu. Sijui mawazo ampelekee nani. Karo bado ni karo na kodi bado ni kodi.

Alifikiri, akatafuta maneno. "Daktari," akasema, "pale nje nayaweka chini kidogo. Nikitoka nayachukua tena."

Nilimfunga kitambaa mkononi. 134/84.

Maswali ya kujipima

1. Kipimo chako cha mwisho cha shinikizo kilikuwa lini, na nambari zake mbili zilikuwa ngapi?
2. Jana, toka ulipoamka hadi ulipolala, ulikaa kimya dakika ngapi bila simu wala redio?
3. Ni jambo gani moja maishani mwako lililokazwa kama uzi unaotaka kukatika? Ni lipi lililolegea hata halilii?
4. Je, kuna dawa uliyoiacha kwa sababu ulijisikia vizuri?
5. Ni nani nyumbani kwako anayehitaji kupimwa juma hili?

Jadilianeni majibu na jamaa yako mkiwa mezani, kikebe cha chumvi kikiwa kimeondolewa. Hadi tutakapokutana tena katika ukurasa huu, nakutakia afya njema na pumzi ndefu.